Siku Mama Mkubwa Alipopangiwa Kuwa Jiwe

Usiku wa jana niliota nimepewa kazi ya kukiandaa kisiwa chetu kwa ajili ya filamu ya Wazungu wa nchi tatu, na kazi ilikuwa inakwenda vizuri, jambo ambalo peke yake lilitosha kunijulisha kuwa naota.

Tulikuwa kikaoni katika ukumbi wa uwanja wa ndege. Mwongozaji wa filamu, mama mmoja mrefu aitwaye Ingrun, anauliza, mimi najibu. Je, jua linaweza kuzama mara nne kwa jioni moja? Nikasema itapatikana. Je, minazi inaweza kusogea kushoto kidogo? Itapatikana. Mimi nimeuza mitumba, nimeendesha mgahawa ulioliwa na mchwa mpaka kwenye meza ya mwisho, na nimejifunza kwamba anayesema "haiwezekani" hurudi kwao kwa miguu.

"Na kisiwa kisiwe na mtu hata mmoja," akasema Ingrun, kwa Kiswahili safi kuliko changu. "Hii ni hadithi ya kisiwa kitupu."

Itapatikana, nikasema. Nilidhani anataka watu wakae pembeni kidogo, basi. Kamera, iliyokuwa imeegemea ukuta inakunywa chai, ikanigeuzia jicho lake moja, ikanitazama kwa huruma.

Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Nilipoinuka, ukumbi umekuwa ufuo wa kwetu.

Kisiwa kizima kimepanga foleni. Mbele yao kipaza sauti kinatembea chenyewe kwa miguu miwili myembamba, kinamgawia kila mtu kitu cha kuwa. Kisiwa kuwa kitupu, kinaeleza, si lazima watu waondoke. Inatosha waache kuwa watu mpaka jioni.

Nashtuka. Wenzangu hawashtuki. Wanabishania nafasi tu. Faki, fundi baiskeli, anakataa kuwa mnazi karibu na shemeji yake, maana wamenuniana tangu mwezi wa Ramadhani. Timu ya mpira inafanywa wimbi moja, kisha wanagombana nani atangulie kufika ufukweni. Mwenye duka amepewa kuwa kivuli. Anauliza kama kivuli kinaruhusiwa kukaa na simu.

Inafika zamu ya mama mkubwa, Bi. Sikudhani, dada wa mama yangu, aliyenilea mimi na wengine kibao. Kipaza sauti kinamwambia atakuwa jiwe. Anauliza jiwe kazi yake nini. Kinamjibu halina kazi, linakaa tu. Mama mkubwa anakitazama kwa muda, kama mtu aliyepunguziwa bei bila kuomba. Kisha anaikaza kanga yake, anakwenda pale maji yanapoishia, anakaa.

Akawa jiwe. Jiwe zuri la kijivu, lenye mabega yake yaleyale.

"Sharti ni hili," kikasema kipaza sauti. "Jioni kila mtu ataitwa jina lake, atainuka. Ambaye hajainuka mpaka mwongozaji anasema 'imepita', anabaki hivyo hivyo. Watazamaji wa ng'ambo huwa wakali sana jiwe likipungua."

Tukapiga picha. Jua likazama mara nne kama tulivyokubaliana. Mara ya tatu lilizama mashariki, likaomba radhi. Kisha majina yakaanza kuitwa. Faki akainuka, nazi mbili zikamdondoka kwapani. Wimbi likasimama likawa vijana waliolowa, bado wanagombana. Kivuli kikarudi dukani.

Akaitwa Sikudhani binti Haji. Akaitwa tena. Jiwe halikutikisika.

Nikalifuata.

"Mama mkubwa, inuka. Kazi imekwisha."

"Yenu ndiyo imekwisha," likasema jiwe, kwa sauti yake ya kila siku. "Mimi ndiyo kwanza nakaa."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Nikamkumbusha kwamba kesho mdogo wetu Mwanaidi anaolewa, na pilau ya watu wote wale hakuna mwingine anayeiweza. Nikamwambia wajukuu wanamtafuta, na mmoja bado hajaogeshwa. Yaani mimi hapo najiona nabembeleza.

"Unajisikia unavyosema?" akaniuliza. "Nimeshakuwa jiwe, na bado mnanifuata nikapike. Mimi kila nikitaka kuweka makalio chini, utasikia Sikudhani hebu nipe kile. Leo maji yamenipiga mgongo mchana kutwa, na hayajaniomba hata chumvi."

Hapo nikashtuka upya, tena vibaya. Nilijaribu kukumbuka hata siku moja niliyowahi kumwona amekaa. Nikamkumbuka ameinama. Nikamkumbuka amechuchumaa, amesimama mlangoni na sahani ya mtu. Amekaa, sikumpata.

Nyuma yangu Ingrun anavuta pumzi ili aseme neno lake. Kamera inajipangusa jicho.

"Nitapika mimi," nikasema.

"Wali wako nimewahi kuula. Niache niwe jiwe."

"Basi usiinuke kwenda kupika. Inuka ukae kama mtu. Nitakuletea kiti, nikiweke mbele kabisa kwenye harusi, na atakayekutuma kitu, anitume mimi."

Wimbi dogo, la maji ya kweli, likalipanda jiwe, likashuka.

"Kiti cha kuegemea?"

"Cha kuegemea."

"Kilete kwanza nikione. Maneno yako matamu nayajua, nimeyalea mwenyewe."

Nikakimbia. Ufuo ukawa ukumbi wa uwanja wa ndege, na viti vya kule, kama mjuavyo, vimekazwa sakafuni. Nashika kimoja, navuta. Kinaniomba tiketi. Navuta kwa nguvu zote, nakibembeleza, nakiita mjomba. Huko nyuma namsikia Ingrun ameshafungua kinywa.

"Ime..."

Nikaamka nimeshika ubao wa kitanda, navuta, jasho linanitoka.

Kumekucha, na simu inaita. Mama mkubwa hana kawaida ya kupiga simu. Yeye hubipu, akakata, ukampigia. Safari hii aliiacha iite mpaka nikapokea. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Nyuma yake nilisikia maji yakipiga, na nyumba yake iko juu kabisa, mbali na maji.

"Jua linaanza kuniunguza huku," akasema. "Hicho kiti kimefika wapi?"

Chumbani kwangu kuna kiti kimoja, kimejaa nguo. Nikazimwaga zote chini, nikakitupia begani, nikatoka mbio kuelekea ufuoni nimevaa msuli niliolalia.