Bolti Yenye Rangi ya Waridi

Yule kijana wa dukani nilimpa jina la Tai, kwa sababu ya tai yake, iliyokuwa ndefu kuliko uvumilivu wangu. Alikuwa ameniuzia pikipiki dakika kumi tu zilizopita, na aliisifu mpaka nikaona haya kuikalia: injini haichoki, breki hazina mfano, mnyororo utanizika mimi na wajukuu wangu. Nikalipa. Wino wa risiti haujakauka, akavuta kiti karibu, akashusha sauti utadhani analeta habari za msiba, akaniuliza kama nimefikiria itakuwaje ikiharibika.

Nikamwuliza, kwani inaharibika? Akasema, mama, chuma ni chuma.

Basi ndivyo nilivyojulishwa kwa dhamana ya ziada. Dhamana ya kawaida ni mwaka mmoja na inakuja na pikipiki yenyewe. Ya ziada inaongeza miwili, unailipia, na una siku thelathini za kuamua. Nikapewa karatasi za kusoma nyumbani, kurasa sita, herufi za ukubwa wa kiroboto. Nilizisoma zote, maana mimi ni nesi, nimezoea karatasi zinazokuja na dawa. Dhamana ile inagharamia kila kitu isipokuwa matairi, betri, taa, mnyororo, klachi, breki, kiti, vioo, nyaya na chochote kinachochakaa kwa kutumiwa. Tena haihusiki na maji, vumbi, mashimo ya barabarani wala uzembe wa mwendeshaji. Kwa hesabu zangu, nikiiweka pikipiki sebuleni, nikaifunika shuka, halafu injini ikapasuka yenyewe kwa upweke, hapo watanitengenezea, wakijisikia.

Palikuwa na sharti moja zaidi, na hilo waliliandika kwa herufi nene. Asiiguse fundi mwingine yeyote. Bolti zote muhimu zimepigwa tone la rangi nyekundu kiwandani, na tone likivunjika, dhamana imekufa. Kabla ya kusaini, fundi wao anakagua tone moja moja.

Hapo sasa ndipo pa kucheka, kwa sababu mimi nimeolewa na fundi pikipiki. Tena si wa kubahatisha. Ana miaka thelathini na moja kazini, gereji iko mbele ya nyumba yetu, na mtaa mzima unamwita Fundi. Mimi mwenyewe namwita Fundi. Yeye ananiita Nesi. Tunaitana kwa vyeo kama wakubwa wa ofisi, ndani ya vyumba vitatu. Sasa mke wa mtu huyo anunue dhamana ya pikipiki! Ni sawa na mke wa mwoka mikate kuonekana anatoka dukani na mkate kwapani.

Ningecheka na mimi, kama si lile kopo.

Fundi ana utaratibu wake. Akifungua pikipiki hutandika kitambaa chini, hupanga bolti kwa mstari jinsi zilivyotoka, halafu huzirudisha kuanzia ya mwisho hadi ya kwanza. Miaka yote hiyo haikuwahi kubaki hata moja. Ukutani kuna kopo la maziwa ambalo kazi yake ilikuwa kushika penseli. Mwaka huu nilienda kutafuta penseli nikakuta limejaa bolti. Bolti zilizobaki, za pikipiki za watu, na watu wenyewe wako huko nje wanaziendesha. Wateja nao walikuwa wanapungua kwa adabu, mmoja mmoja, wanapita upande wa pili wa barabara wakijifanya wanaongea na simu.

Ni macho. Simu yake anaisomea puani, na mara mbili amenisalimia mimi kwa jina la dada yake. Nilimwambia twende akapime. Mara ya kwanza alisema ni vumbi tu. Mara ya pili alisema taa za siku hizi hazina nguvu. Mara ya tatu aliinuka mezani akaacha sahani imejaa. Nami nikanyamaza, maana sikuwahi kumwona mume wangu akiogopa, na nilipomwona niliogopa zaidi yake.

Kwa hiyo mambo yalisimama hivi. Nikinunua dhamana, nautangazia mtaa mzima kwamba Fundi amekwisha, na mtangazaji ni mkewe. Nisiponunua, nayakabidhi macho yale breki zangu. Na mimi kila asubuhi nazunguka kwa wagonjwa kumi na wawili majumbani kwao, wazee wa kufungwa vidonda na kuchomwa sindano, na nyumba saba kati ya hizo ziko chini ya mteremko ambao hata mbuzi huufikiria mara mbili.

Nilimweleza habari ya dhamana wakati wa chai. Nilizungukazunguka, nikasema duka lina ofa, nikasema ni mambo ya kazini, nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka chupa ikaisha. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema pesa ni zangu, kwa hiyo ninunue. Mwanamke yeyote aliyewahi kuolewa anajua ukubwa wa neno hilo. Aliuliza kitu kimoja tu: hao mafundi wao wana miaka mingapi kazini?

Nikamwomba, basi asiiguse mpaka niamue. Ilinibidi nimwombe, kwa sababu ana imani yake moja. Anasema pikipiki ya dukani haijafungwa, imeshikizwa tu. Kila pikipiki mpya ikivuka geti letu, iwe ya mteja iwe yetu, lazima aifungue yote, aipake mafuta, aifunge upya kwa mkono wake. Kwake yeye, kumpandisha mtu pikipiki ambayo hajaifunga mwenyewe ni utovu wa adabu. Akaniapia kwamba hataigusa. Aliapa akitazama ukuta.

Nikaenda kwa wifi yangu, dada yake huyo huyo, kuomba ushauri. Yeye aliwahi kununua dhamana ya friji. Friji likafa, kampuni ikatuma mtaalamu, mtaalamu akaandika kwamba friji limekufa kwa sababu ya joto. Wifi anaitunza karatasi hiyo mpaka leo, na anawaonyesha wageni. Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa zaidi, ila angalau nilikuwa nimecheka.

Wiki ya mwisho Fundi akawa na vituko. Mtu ambaye hajawahi kuosha pikipiki maishani, anayesema matope ndiyo yanayoshika rangi, aliiosha yangu mara nne. Nikirudi kazini tu, namkuta na ndoo. Anapiga magoti, anapitisha kitambaa kila upenyo, vidole vinatangulia, uso kaugeuzia pembeni. Asubuhi ananiambia nipande basi, barabara inateleza. Mvua ilikuwa haijanyesha miezi miwili. Nikamwambia kweli, vumbi la siku hizi linateleza sana. Hakucheka. Siku ya pili akasema nimechoka, nipumzike. Siku ya tatu akaficha ufunguo, na nilipoukuta ndani ya kiatu chake akadai umeingia wenyewe. Nilidhani ananinunia kwa ajili ya dhamana. Nikapanda pikipiki yangu nikaondoka, kwa madaha, nikipiga na honi.

Siku ya thelathini niliamua. Nilikuwa nimeshuka ule mteremko, nikaona breki ya mbele inatetemeka kidogo, na kitu kikaniambia, mama, wewe si wa kufa kwa kumtunzia mtu heshima. Nikaenda dukani moja kwa moja.

Tai alinipokea kwa tabasamu la mtu anayelipwa kwa asilimia. Akamwita fundi wao, nikitegemea kijana mwenzake, kumbe ni mama wa makamo, mnene, mikono imekolea grisi mpaka kwenye viwiko. Akapiga magoti na tochi. Akamulika bolti moja moja, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akaniita niiname.

"Nesi," akasema, akiitazama sare yangu, "rangi yetu ni nyekundu. Hii ni ya kucha. Tena ni ya waridi."

Nikaona. Bolti zote, moja baada ya nyingine, zimepakwa tone dogo safi la rangi ya waridi, zinang'aa kama bibi harusi. Nyumbani nina chupa mbili za rangi ya kucha, zawadi ya binti yetu siku alipoolewa, zimekaa pamoja kwenye droo. Moja ni nyekundu. Moja ni ya waridi. Kazini kwetu kucha za rangi haziruhusiwi, kwa hiyo sizigusi.

Yule mama akashusha tochi kwenye gurudumu la mbele. Akanionyesha chuma kinachoshika breki. Panatakiwa bolti mbili, akasema, na hapa ipo moja, nayo imeanza kulegea. Akaniuliza nimekuja na njia gani. Nilipomtajia mteremko, akaenda ndani akarudi na bolti, akaifunga, akaikaza ile nyingine, na akakataa kulipwa. Tai naye hakukosa la kufanya. Alinijulisha kwa masikitiko makubwa kwamba dhamana ya ziada haiwezekani, na kwa kuwa pikipiki imefunguliwa, hata ile ya kwanza, ya bure, imekufa leo hii. Akanipa karatasi ya kusaini kwamba nimeelewa. Nikasaini. Tai yake ilining'inia mbele yangu, na Mungu ananiona, niliiacha bila kuivuta.

Njia nzima nilikuwa naandaa maneno. Mimi kwa maneno sijambo, na siku hiyo nilikuwa na ya kutosha kumvua nguo mwanamume mbele ya mama yake. Nilimkuta gerejini peke yake, amekaa juu ya sanduku la spana, anasikiliza mlio wa injini yangu ikiingia getini. Aliposikia nimezima, mabega yakashuka, na ndipo nikagundua kwamba wiki nzima alikuwa anakaa hapo hivyo, akingoja mlio ule.

Hakuningoja niseme. Akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa bolti moja, imeng'aa kwa kushikwashikwa.

"Hii ni yako," akasema. "Ilibaki usiku nilipoifungua. Nimeizunguka pikipiki nzima kwa vidole, Nesi, sikupata pa kuirudisha."

Nikaipokea. Nikamwambia ni ya breki ya mbele, na wameshaweka nyingine. Akarudia polepole, breki ya mbele. Akafunika uso kwa mikono yote miwili akalia, mume wangu, mtu mzima na mvi zake, nami nikalia. Nilikuwa nimemkasirikia, maana angeniua kwa aibu ya kusema neno moja. Na nilimhurumia kiasi kwamba nilitamani bolti ile irudi mahali pake usiku ule ule alioitoa, na mimi nisijue kitu.

Nikaenda ndani nikaleta chupa mbili za rangi ya kucha, nikamwekea kila mkono moja. Nikamwuliza ipi nyekundu. Akaisogeza ya kulia puani, akaisogeza ya kushoto, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Akarudia tena. Kisha akaziweka zote chini, taratibu, kwa mstari, kama anavyopanga bolti.

"Kesho," akasema. "Lakini twende na basi."

Daktari wa macho alitumia dakika tano. Ni mtoto wa jicho, yote mawili, jambo la kawaida, wanaanza na moja. Fundi akauliza hiyo lenzi wanayoweka ina dhamana ya miaka mingapi. Daktari akacheka, akasema hapa hatuuzi dhamana, mzee, tunajitahidi tu. Akanisogezea karatasi za kukubali upasuaji, kurasa nne, herufi za ukubwa wa kiroboto.

Fundi akanigeukia, akanitazama karibu na sikio, akaniuliza kama nimezisoma zote.

Sikusoma hata mstari mmoja. Nikamwambia nimezisoma, nikasaini.