Posho ya Mtu Aliye Mbali na Kwake

Mimi sijui kukaa. Nikiwekwa kwenye kiti kisicho na usukani mbele yake, miguu inaanza kucheza yenyewe. Ndiyo maana miaka kumi na tisa nimevuta trela za nyama iliyogandishwa kutoka Missouri mpaka kokote inakoliwa, na ndiyo maana siku Odell aliponipa habari ya sheria mpya nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, mpaka mkewe akaja kuuliza kama natafuta choo.

Odell ndiye aliyetujazia madereva fomu za kodi pale mjini Sedalia. Kila mwaka nilimpelekea daftari langu la safari, anahesabu siku nilizokuwa barabarani, na kwa kila siku serikali ilikubali kwamba mtu aliye mbali na kwake hali chakula bure. Kiasi hicho cha mshahara hakikutozwa kodi.

"Mwaka huu hakuna, Twyla," akasema. "Mwenye lori lake bado anapunguziwa. Ninyi wa kuajiriwa mmefutwa."

"Kwani wa kuajiriwa hana tumbo?"

"Usiniulize mimi. Sikuitunga."

Nilikasirika wiki nzima, na kwenye vituo vya malori nilimweleza kila mtu, hata ambaye hakuuliza. Kisha kampuni ikaleta fomu: ukitaka, sehemu ya mshahara wako tutaiita posho ya chakula, na posho haikatwi kodi. Weka alama hapa. Sisi madereva tuna ugonjwa mmoja, tunaangalia kinachoingia Ijumaa tu. Niliweka alama nimesimama, kwa kalamu ya kuazima, injini inanguruma nje. Ijumaa iliyofuata kikaongezeka kidogo, nikajiona mjanja kuliko serikali.

Miaka miwili ikapita hivyo. Nikiwa Oklahoma, akanipigia Mzee Gerlach, mwenye nyumba niliyopanga miaka kumi na minne. Anahamia kwa bintiye, anauza.

"Nakupa wewe kwanza," akasema. "Mpaka mwisho wa mwezi. Zaidi ya hapo binti yangu hatanielewa."

Ile nyumba, jamani. Vyumba viwili na kibaraza. Sikulala humo hata siku sita kwa mwezi, lakini siku hizo sita ndizo zilizonipa nguvu za kuzimaliza zile nyingine. Niliitaka mpaka nikakosa usingizi.

Benki nikakutana na kijana anaitwa Pruitt, akazigeuzageuza hati zangu za mshahara.

"Mama, unapata kidogo mno kwa mkopo huu."

"Kidogo? Hebu angalia zinazoingia kwenye akaunti yangu."

"Naziona. Lakini hii nyingine ni posho. Sisi tunahesabu mshahara unaokatwa kodi. Tena wa miaka miwili."

Nilizunguka meza yake kama mbwa aliyefungwa. Nikamwambia nimeendesha maili milioni mbili bila kugonga hata sanduku la barua. Akasema ananiamini kabisa, na upole wake ndio ulionichoma zaidi.

Nikiwa bado nje ya benki nikampigia Marcy, dada wa mishahara kwenye kampuni.

"Nitoe kwenye posho. Leo hii."

"Nitakutoa Januari, dada. Na hata nikikutoa, miaka miwili iliyopita imeshaandikwa."

Mzee Gerlach nikamwomba muda, akaniongezea wiki. Nikaingia benki nyingine mbili, moja nikiwa nimeziba kichochoro kizima kwa trela yangu. Jibu lilelile. Jumamosi nyumba ikachukuliwa na mtu na mkewe kutoka mji wa Columbia, waliokuja na makopo ya rangi tayari kwenye gari. Nililia ndani ya lori, kwa hasira na kwa uchungu, na sioni haya kusema.

Ikabidi nihame, na kupanga kwingine kulikuwa kumepanda bei kupita kiasi. Vitu vyangu nikavifungia kwenye stoo ya kukodi, nikahamia kwenye lori. Barua nikaomba ziende kwa kaka yangu Dwight, huko Moberly, kisha nikampigia Marcy abadilishe anwani.

"Kwa Dwight unalipa chochote?" akauliza.

"Nilipe nini? Ni barua tu."

"Ukiwa mapumziko unalala huko?"

"Nalala kwenye lori. Wifi yangu hataki hata kuniona."

"Twyla, nisikilize vizuri kabla hujajibu. Posho ni ya mtu aliye mbali na kwake. Asiye na kwake hayuko mbali na popote, ndivyo sheria inavyosema. Nikiandika huna, posho yote inakatwa kodi kuanzia wiki hii. Sasa nakuuliza tena. Kwa Dwight, si una chumba chako? Si unachangia kodi ya nyumba?"

Alikuwa ananibeba, nilijua. Neno moja tu lilitosha. Nilikuwa Nebraska, mkono mmoja kwenye pampu ya mafuta, miguu ikicheza yenyewe. Nilitaka kusema ndiyo, kweli nilitaka. Ila pale kwa Dwight sikuweza kupaita kwangu.

"Andika sina, Marcy."

"Huna nini? Sema, niandike ulivyosema."

"Sina kwangu," nikasema, na hapo ndipo nilipoamini.