Ndege Iliyokabidhiwa Juu ya Bahari

Otilia Muiba alikuwa na ndege moja tu mjini Trinidad, Bolivia, tena ya kukodi, na injini yake ya kulia ilianza kuvuja mafuta kabla hata hatujaizoea. Mimi nilikuwa rubani wake. Tukaiegesha. Wagonjwa wa vijiji vya mto Mamoré tuliokuwa tukiwapeleka hospitali wakarudia boti, na mmoja wao, mwalimu Rosendo, akafia njiani. Baada ya maziko Otilia akaishtaki kampuni ya Dublin iliyotukodisha. Kampuni yenyewe haikukana kwamba ilijua ubovu ule.

Nilidhani basi kesi imekwisha. Wapi! Miaka miwili tulibishana ni sheria ya nchi gani itumike.

Mkataba ulisema: sheria ya nchi ambamo ndege itakabidhiwa. Nikaitwa kutoa ushahidi.

"Rubani, ulikabidhiwa wapi ndege?" aliuliza Zegarra, wakili wa kampuni.

"Angani."

"Anga ya nchi gani?"

"Hakuna nchi pale, ni Atlantiki tupu. Mtu wenu ndiye aliyenipa karatasi nitie sahihi hukohuko, eti tukikwepa nchi tutakwepa kodi."

Watu wakaangua kicheko. Otilia alikunja uso.

Zegarra akadai sheria ya Ireland, maana mwenye ndege yuko kule. Fabricio, wakili wetu, akadai ya Bolivia, maana ndege inalala na kuruka hapa. Huyu akaleta mtaalamu, yule naye akaleta wake. Vikao vikaahirishwa ili nyaraka zitafsiriwe, kisha tafsiri nayo ikabishaniwa. Kule uwanjani majani yalifunika magurudumu, na nyigu wakajenga ndani ya injini.

Siku moja tulikuwa tukila wali wa nyama kavu nje ya mahakama.

"Fabricio mwanangu," Otilia akasema, "hiyo injini inavuja Kiairishi au Kibolivia?"

"Mama, lazima kwanza tujue msingi wa…"

"Msingi! Rosendo tumeshamzika, nyie bado mnachimba msingi?" Akaisukuma sahani na kuondoka.

Halafu jaji wetu akastaafu, akaja Hortensia Melgar, mwanamke asiyependa maneno mengi. Akamgeukia Zegarra.

"Kwa sheria ya Ireland, anayekodisha ndege huku akijua ni mbovu anatakiwa afanye nini?"

Zegarra akanong'ona na mtaalamu wake. "Aitengeneze, Mheshimiwa. Na afidie hasara."

"Na ya Bolivia?"

Fabricio akakohoa. "Hivyohivyo, Mheshimiwa."

"Sasa mlikuwa mnagombea nini?"

Jaji akasema hana haja ya kuchagua sheria, akaiamuru kampuni ilete injini nyingine.

Nje, Fabricio alitanua mikono. "Tumeshinda, mama!"

"Ulikuwa unajua kwamba sheria zinafanana?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Otilia akamtazama, midomo ikamcheza, lakini akaona hata tusi litapotea bure. Akampita.

Injini ilifika msimu wa mvua. Siku niliyoirusha ndege kwa mara ya kwanza Otilia hakuja uwanjani. Alikwenda kwa mjane wa Rosendo kumpa habari. Jioni nikamuuliza yule mama alisemaje.

"Aliniuliza mbona ilichukua muda wote huo," akajibu, akivua viatu vilivyojaa tope. "Hebu niambie, we, ningemjibu nini?"