Mkono wa Sabiha Dukani

Abdulrazak alikuwa anamalizia kitumbua huku Farhan, fundi wa kompyuta kutoka Dar, akiipangusa vumbi kompyuta ya duka. Lilikuwa duka la kanga na madira, pale mtaani Dunda, na kompyuta yenyewe ilikuwa kongwe, ukiiwasha inakoroma. Virusi vilishaila zaidi ya mara moja. Farhan akafuta kila kilichokuwamo, akaweka mfumo mpya unaoitwa Komeo. Alisema ni mwepesi, hata mashine chakavu inauweza, umetengenezwa kwa ajili ya biashara, na kwenye ulinzi hauna mchezo.

"Neno la siri halipo," alisema. "Unaweka kidole tu. Mfumo wenyewe unamjua mwenye duka."

Abdulrazak akajifuta mafuta, akaweka kidole. Kioo kikaandika kwamba yeye si mwenye duka. Akaweka kidole kingine, kikaandika vilevile, kwa adabu, kikamwomba amwite mwenyewe. Farhan akauliza kama kuna mtu mwingine. Abdulrazak akainama.

Mtu alikuwepo. Marehemu baba yao alilitoa duka lile hiba kwa Sabiha, binti yake mkubwa, dada yake Abdulrazak, angali na akili zake timamu, mbele ya mashahidi. Mji mzima unajua. Lakini khitma ilipokwisha, wanaume walikaa barazani na kahawa yao, wakaona mwanamke kushinda dukani haipendezi, wakampa Abdulrazak funguo. Sabiha alikuwa uani anakosha masinia ya pilau. Hakuna aliyemuuliza, na jambo hilo linaudhi hata kulisimulia.

Basi akaitwa. Alikuja na unga vidoleni, akagusa, kioo kikaandika: Karibu, mwenye duka. Farhan akafunga begi lake akawahi basi.

Siku zilizofuata Komeo liliingia kwenye kufuli za mlango, kwenye droo, mwisho kwenye mkasi. Mkasi haukukata hata uzi mpaka aushike Sabiha. Wateja hawakulalamika. Walikaa kwenye benchi wakisema ndiyo mambo ya ulinzi hayo, wakasubiri aitwe.

Shida ilikuwa jikoni. Sabiha aliishi kwa mdogo wake, na yeye ndiye aliyepika. Asubuhi moja Abdulrazak akambishia hodi chumbani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Dada, ukishinda dukani, watoto watakula nini? Niazime mkono tu. Jioni nakurudishia."

Sabiha akaona afadhali hivyo kuliko kwenda na kurudi juani. Akajipaka sabuni kwenye kiwiko, akauvua mkono wa kulia kama mtu avuavyo bangili iliyobana. Abdulrazak akautia kapuni, akaufunika kwa kawa usiingie vumbi.

Dukani mkono ulikaa juu ya kanga iliyokunjwa. Ulifungua kompyuta, ukapima vitambaa, ukakata. Kina mama waliuamkia, "Shikamoo, Bi Sabiha," nao ukawapa mkono vizuri, bila haraka. Biashara ikachanganya.

Nyumbani, Sabiha alijifunza kukuna nazi kwa mkono wa kushoto. Kula kwa kushoto alikataa katakata, kwa hiyo mchana aliwatazama watoto wakila, chakula chake akakifunika hadi magharibi. Akakonda. Alikuwa na uchungu, na haukuwa wa kiwiko.

Jioni moja, kapu lilipowekwa mbele yake, akasema.

"Abdul, duka ni langu. Hata hilo dude lenu linajua. Nataka nikae mwenyewe."

Abdulrazak alivua kofia yake ya kiua, akaigeuzageuza. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayembembeleza mgonjwa.

"Dada, kwani haupo dukani? Kutwa unasalimiwa pale. Mimi hata salamu sipewi. Sasa unataka nini tena?"

Sabiha akamtazama mpaka yeye akaangalia pembeni. Sabiha alipouinua mkono, ulikuwa wa baridi, unanukia doti mpya, na ulikuwa umeng'ang'ania funguo za duka. Akavifungua vidole kimoja kimoja. Abdulrazak akapokea funguo, akashukuru. Sabiha akauvaa mkono wake, akanawa, akala wali wa mchana uliokwisha kupoa.

Alfajiri, mdogo wake alipobisha hodi na kapu, sabuni ilikuwa tayari kiwikoni.