Chumba cha Mzee Emil

Asubuhi ya pili ya maonyesho ya wajenzi mjini Las Vegas, Marlys Havelka aliikuta ramani yake imeshabandikwa sakafuni kwa utepe wa bluu, kubwa sawa na nyumba yenyewe. Ndivyo alivyofundisha kila Februari. Wajenzi walipewa mifuko ya sokoni iliyojaa makopo ya maharage, wakaingia kwa mlango wa gereji ya nyumba, wakatafuta jikoni. Aliyechoka njiani alijua ramani ina kasoro. Utepe ulikuwa umebandikwa na mafundi wa ukumbi, kwa kufuata ramani iliyotumwa na ofisi ya kaka yake, Dwayne.

Ramani hiyo iliitwa Emil, jina la baba yao. Marlys aliichora kule Nebraska mwaka ule mama yao alipofariki: chumba cha mzee hapohapo chini karibu na jiko, dirisha la mashariki, na mlango mpana wa kupitisha chuma chake cha kutembelea, kile cha miguu minne. Dwayne, mjenzi wa familia, aliahidi kujenga mtaa mzima wa nyumba hizo, na ya kwanza iwe ya baba. Kwa ahadi hiyo mzee Emil aliuza nyumba ya shambani alimozaliwa, akahamia kwa Dwayne kwenye chumba cha chini ya ardhi. Ilikuwa kwa muda tu.

Leo alikuwa amekuja kukiona chumba chake. Alikaa safu ya mbele na kofia ya kampuni ya mbegu za mahindi, akila kolache, andazi la plamu alilotoka nalo nyumbani.

Wa kwanza kuingia alikuwa Lyle Stroud, mjenzi wa Ohio. Alitaka kukatiza juu ya utepe ili afike jikoni upesi, akagonga paji la uso. Utepe ulikuwa umeshakuwa ukuta. Hakuna aliyeuona, lakini ulikuwepo, na Lyle alipougonga kwa kidole ulitoa mlio wa ubao wa jipsamu.

"Umesimama wima," alisema.

"Afadhali huu kuliko zako," akajibu jirani yake. "Zako zinasujudu."

Watu wakacheka, wakajipanga gerejini na mifuko yao. Marlys naye hakuona sababu ya kusimamisha somo.

"Na mimi nikaone kwangu," mzee Emil alisema, akainuka.

"Shikamoo, mzee," wajenzi walisema wakimpisha. "Polepole, hapo kuna kizingiti."

Alipita gerejini hadi mlango wa kuingilia ndani. Chuma chake kikagota pande zote mbili. Akakigeuza ubavu, akajaribu tena, hakikupita. Marlys, aliyekuwa jikoni, alikwenda upande ule alikojua kuna chumba, mkono mbele, akagusa ukuta mtupu. Akazunguka nje kutazama. Gereji ilikuwa ya magari matatu. Chumba cha baba yake kilikuwa kimekuwa mahali pa gari la tatu.

Dwayne alikuwa amesimama karibu na meza ya kahawa, na fulana ya kampuni yao. Kikulacho ki nguoni mwako, na Marlys alikuwa amevaa fulana hiyohiyo.

"Chumba cha baba kiko wapi?"

"Mar, tusizungumzie hapa."

"Nimekuuliza kiko wapi."

"Watu wa kwetu wananunua gereji. Wana pikapu, wana boti, wana pikipiki ya theluji. Sijapata mteja hata mmoja wa kuniambia, 'Dwayne, niongezee baba.'"

Wajenzi kadhaa waliitikia kwa vichwa. Hata Lyle aliitikia, huku akijipapasa paji la uso.

"Lakini ile ya kwanza si ya baba?"

"Zote ramani moja. Zege la msingi tulimwaga Oktoba."

"Na jina lake umeliacha."

"Wateja wanalipenda."

Novemba, mezani kwa Dwayne kwenye sikukuu ya Shukrani, mzee alikuwa ameuliza habari za pazia za chumba chake. Dwayne, huku akikata bata mzinga, alimwambia achague rangi yoyote aipendayo. Marlys alikuwepo, na alimwona kaka yake mtu mwema. Sasa alikumbuka jinsi alivyomshukuru, na hilo likamchoma moyo kuliko gereji yenyewe.

Alichukua utepe mezani, akapiga magoti mahali pa gari la tatu, akabandika chumba: kuta nne, dirisha la mashariki, mlango mpana. Darasa zima lilisubiri. Lyle alinyoosha mguu kuupima ukuta mpya, mguu ukapita.

"Huu haujasimama, dada."

"Utasimamaje?" mwingine akamwambia. "Zege lake liko wapi?"

Lyle akakubali kwamba hilo ni kweli. Watu wawili wakamfuata Dwayne kumuuliza upana wa mlango wa gari la tatu, naye akawaambia.

Mzee Emil aliingia kwenye chumba cha utepe. Chuma chake kilipita mlangoni bila kugusa kokote. Mtu akamletea kiti, akakaa akitazama mashariki, ambako kampuni moja ilikuwa imepanga vyoo vyake.

"Hiki kizuri," alimwambia Marlys. "Hiki ndicho ulichoniambia."

"Ndicho, baba."

Somo lilipokwisha, wajenzi walipitisha beji zao kwenye mashine, wakapata alama zao za mafunzo, wakaondoka kwenda kula. Kwa kuwa kuta nyingine zote zilikuwa ngumu, walitokea gerejini, na njia fupi ilikatiza chumba cha mzee. Wachache walimwomba radhi. Dwayne alipita mwisho, na wale watu wawili.

"Baba, sogeza miguu kidogo," alisema.

Mzee Emil akasogeza. Nje ya ukumbi darasa jingine lilikuwa limeshaanza kujipanga, na mlango wa gereji ukafunguliwa.

"Funga mlango, binti yangu," alisema. "Watu wanaingia tu."

Marlys aliinama, akakata kipande cha utepe, akauziba mlango kuanzia kona hadi kona, akakibana kwa dole gumba kishike vizuri. Watu wakaendelea kupita.