Sahihi ya Pili

Muthoni alisoma ukurasa wa tatu wa kumbukumbu za kikao, akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena. Sentensi haikuwa imehama. Ilikaa pale pale kwa Kiswidi safi cha ofisini, ikisema kwamba kikao, kwa kauli moja, kiliridhika kuwa tarakimu za mafuta za gari la Örn zinaonyesha hali halisi ya barabarani.

Kauli moja, eti. Wakati kauli yake yeye ilikuwa tofauti, na aliitoa mara tatu, mbele ya watu kumi na mmoja waliokuwa wakitafuna vitumbua vya kizungu vya mdalasini.

Alikuwa mhandisi wa Norrvik, kampuni ya magari yenye ofisi zake Råcksta, kituo kimoja tu cha treni kutoka Vällingby. Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa moja: kujua gari linakula mafuta kiasi gani likishatoka maabara na kuingia mikononi mwa binadamu. Magari ya siku hizi hujiandikia yenyewe mafuta yanayotumia, na rekodi hizo zilimfikia yeye. Kwa hiyo alijua mambo ambayo watu wa matangazo wangependa asiyajue.

Jambo lenyewe halikuwa gumu. Norrvik ilitengeneza gari dogo, Tärna, lenye injini ya silinda tatu, lililokwenda kilomita mia kwa lita nne na nusu, iwe mvua iwe theluji. Faida yake ilikuwa kiduchu. Ilitengeneza pia Örn, dude la tani mbili na zaidi lenye injini kubwa ya petroli pamoja na betri ya kuchaji, na faida ya Örn moja iliishinda ya Tärna nane. Sheria nayo iliangalia wastani wa mafuta ya magari yote ambayo kampuni imeuza kwa mwaka. Ukizidi kiwango, unapigwa faini. Sasa, maabara ilipima Örn betri ikiwa imejaa, na hapo dude lilikunywa lita moja na ushei tu, likaonekana lina nidhamu kuliko kadogo. Kwa hesabu hiyo Tärna haikuhitajika tena kushusha wastani. Wakubwa walitaka kuizika kabla ya majira ya joto, waunde Örn tupu.

Barabarani mambo yalikuwa mengine kabisa. Wenye Örn wengi hawakuchaji. Rekodi za Muthoni zilisema karibu lita nane.

Hayo ndiyo aliyoyasema kikaoni, akaonyesha na grafu. Staffan, mkuu wa modeli na mwenyekiti wa kikao, mwanamume mpole asiyepandisha sauti hata akikukanyaga, alimshukuru, akasema grafu inavutia, akaendelea na ajenda. Muthoni alirudia. Akashukuriwa tena. Aliporudia mara ya tatu akaambiwa wataliangalia baadaye. Kisha Staffan akazungusha macho mezani na kuuliza kama kuna mwenye maoni tofauti.

Hapo Muthoni alinyamaza. Alinyamaza kwa makusudi, mgongo wima, macho yamemkazia Staffan, vile mama yake alivyokuwa akinyamaza kule Karatina mtu alipomuuliza upya jambo alilokwisha kulijibu. Kule kila mtu alijua maana ya kimya kile; wanaume wazima walichukua kofia zao wakaondoka. Staffan hakuwa na kofia wala habari. Alitabasamu, akasema, "Basi tumeafikiana," akagonga meza kwa kalamu. Tena akamteua Muthoni kuwa justerare, yule mtu wa pili anayezisoma kumbukumbu na kutia sahihi kwamba ni za kweli, kwa sababu, alisema, ana jicho la vitu vidogo. Bila sahihi hiyo kumbukumbu hazikuweza kwenda kwenye bodi, na bodi ilikuwa inakutana Alhamisi.

Jioni, nyumbani Hässelby, mumewe Gitonga alikuwa akimenya viazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kisu chini ili acheke vizuri.

"Ulinyamaza?"

"Nilinyamaza vibaya sana."

"Muthoni wangu. Hawa ukiwanyamazia wanakwambia asante. Miaka kumi na saba hapa, na bado unawakatalia kwa lugha ya Karatina."

"Wangeniangalia uso wangejua."

"Uso wako haukuwa kwenye ajenda."

Muthoni alicheka, kwa kuwa ilikuwa kweli, halafu hasira ikampanda kwa sababu hiyo hiyo. Alikuwa amesema hapana kwa nguvu zake zote na wao wameandika ndiyo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kukaa kwenye kikao cha Waswidi.

"Kwa hiyo nimekubali," alisema.

"Kwao, ndiyo." Gitonga alikuwa muuguzi, na alipoacha mzaha aliuacha wote. "Ukikataa kutia sahihi watakutoa kwenye ile kazi. Watakupa cheo kirefu na chumba kisicho na kompyuta."

"Na nikitia?"

"Hiyo unaijua."

Aliijua. Tärna ingekufa, na aliyeizika kwa uongo angekuwa yeye, kwa jina lake kamili. Alilala akiwa na hasira na akaamka nayo.

Asubuhi, kabla ya kupanda treni, alipitia uwanja wa magari chini ya nyumba yao. Jirani yake Firmin, mtu wa Bukavu, alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo. Firmin alihudumia wazee majumbani mwao, Hässelby na Vällingby, na kampuni iliyomwajiri ilikuwa imeziuza Tärna zake zote msimu wa vuli ikanunua Örn. Muthoni alimwomba afungue buti.

"Unatafuta nini, dada?"

"Waya wa kuchajia."

Firmin alisogeza boksi la glavu, akamwonyesha. "Câble ni hii. Iko mu plastique tangu siku balituletea."

Kweli, ulikuwa umekunjwa ndani ya mfuko wake wa plastiki, na stika ya kiwandani haijabanduliwa.

"Na mbona hamchaji?"

"Tuchajie wapi? Fasi iko wapi? Miye niko na bazee kumi na nne mbele ya saa sita. Nikianza kutafuta prise ya umeme, nani atapatia mama wa batu dawa yake?" Alifunga buti. "Ile ndogo ilikuwa gari. Hii ni chumba cha kulala, balitia tu matairi."

Muthoni hakupiga picha. Rekodi za magari elfu arobaini alikuwa nazo tayari. Alichotaka ni kuiona ile plastiki kwa macho yake, ajue kwamba hakuwa mkaidi wa bure. Alimshukuru Firmin akakimbilia treni.

Saa nne aliingia kwa Staffan na kumbukumbu mkononi. Staffan alimkaribisha kahawa. Muthoni aliikataa, na nchini kule hilo peke yake ni kama kutangaza vita.

"Ukurasa wa tatu si kweli," alisema. "Sikukubali."

"Lakini niliuliza. Ulinyamaza."

"Nilikuwa nimeshasema mara tatu. Kwetu mtu akishajibu, kisha akaulizwa kama vile hajajibu, hunyamaza. Maana yake ni hapana, tena hapana yenye meno."

Staffan alifikiri, na kwa haki yake, alionekana kusikitika kidogo. "Hapa haimaanishi hivyo."

"Najua. Kosa hilo ni langu, na ndiyo maana leo nimekuja na mdomo."

Staffan alimweleza kwa upole ule ule. Örn ndiyo inayolisha kampuni. Kipimo cha maabara ni halali, hawakukibuni wao. Angeweza kuandika wasiwasi wake kwenye barua pepe tofauti, nao ungehifadhiwa. Funika kombe mwanaharamu apite, kwa Kiswidi.

"Sikukatazi kuuza Örn," Muthoni alisema. "Uza. Andika tu kwamba watu hawaichaji."

"Tukiandika hivyo, bodi itataka hesabu ifanywe kwa lita nane. Na kwa lita nane, bila Tärna, wastani unazidi kiwango."

"Basi iacheni Tärna iendelee."

Staffan alinyamaza. Muthoni hakujisumbua kutafsiri.

"Ninachokuomba ni sahihi tu," hatimaye Staffan alisema.

"Ngoja nikwambie kitu kuhusu neno hilo. Kwa lugha yetu sahihi ni jina unaloliandika chini ya karatasi. Na sahihi ni jambo lisilo na kosa. Ni neno moja. Siwezi kukupa la kwanza bila la pili."

Alikaa kwenye kiti ambacho hakuwa amekaribishwa, akafungua ukurasa wa tatu, akakata maneno "kwa kauli moja" kwa mstari mmoja ulionyooka. Pembeni akaandika, kwa Kiswidi ambacho hata mtoto angekielewa: Mimi nilipinga. Barabarani Örn inatumia karibu lita nane, si moja. Rekodi zipo, na niliionyesha grafu yake kikaoni. Akaweka tarehe. Akatia jina lake lote, la ubatizo, la nyanya yake na la baba yake.

Staffan aliigeuza karatasi akaisoma. Alisoma polepole, mara mbili, kama Muthoni alivyofanya jana.

"Unaelewa hili linaweza kukugharimu nini?"

"Naelewa," Muthoni alisema. "Na wewe sasa unaelewa ni lita ngapi. Alhamisi bodi itajua kwamba ulijua."

Akamsogezea kalamu, kwa sababu nafasi ya sahihi ya mwenyekiti ilikuwa bado tupu.