Mto Ulioshindwa Kusaini Mahudhurio

Usiku wa kuamkia leo niliota mto umekuja ofisini kwetu kuniulizia.

Nieleze kwanza kazi yangu, maana hata mama yangu mzazi huwaambia watu kwamba ninapima viwanja. Mimi ni mshauri wa mazingira. Taasisi ya serikali ikitaka kujenga bwawa la umeme, kupitisha nguzo au kutandaza paneli za jua, hutuajiri sisi twende tukaangalie nini kitaumia. Tunaangalia, tunarudi Dodoma, tunaandika ripoti nene, na ndani yake tunamhakikishia kila mtu kwamba chura atakuwa salama.

Kuna jambo moja hatuliandiki. Safari hizo za kwenda kuangalia tunazifanya kiangazi tu, kwa sababu masika gari hunasa. Ndiyo maana katika ripoti zetu zote nchi hii haijawahi kunyeshewa mvua.

Kijiji cha Mwabusega, huko Usukumani, tulikwenda Septemba. Serikali inataka kuweka paneli za jua pale, na ni jambo jema, watoto wa kule wamesomea koroboi vya kutosha. Nilikatiza kwenye korongo la mchanga nimevaa gambuti kwa kuogopa nyoka, nikaandika: korongo kavu, lisawazishwe. Jana jioni bosi wangu, Dokta Ambakisye, alinitumia ujumbe kwamba mitambo imeshafika Mwabusega. Nikamjibu kwa alama ya dole gumba, nikala, nikalala.

"Dada Veri, una mgeni," anasema Nsia wa mapokezi. "Nilimwambia angoje nje kwa sababu analowesha zulia, lakini amepita chini ya mlango."

Kweli, mto umeshaingia. Ni mto mdogo wa rangi ya chai ya maziwa, umebeba mfuko wa sandarusi. Unaketi kwenye kiti cha wageni, na sehemu yake nyingine inaketi sakafuni.

"Mwangaluka," unanisalimia Kisukuma.

"Mwangaluka," naitikia.

"Samahani, mlipokuja Septemba hamkunikuta."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa chini. Kiangazi huwa nalala chini ya mchanga, mvua zikianza naamka. Kule nyumbani kila mtu anajua. Mimi ndilo lile korongo kavu lenu."

Umesema hivyo bila hasira hata kidogo. Ungekasirika ningejua la kufanya, kwa sababu tunayo semina nzima ya kushughulikia wadau wenye hasira.

Nauuliza mfukoni kuna nini. Unaufungua kidogo nione. Mna viluwiluwi, wengi, wamebanana.

"Watoto wa vyura," unasema. "Hawana mwingine wa kuwabeba. Na huko bondeni kuna majaruba ya watu, mpunga unanisubiri mimi. Nimesikia mnataka kunifukia. Nimekuja kuomba mnisikilize kabla."

Nachukua tepu nianze kuupima upana, kwa sababu sijui kitu kingine cha kumfanyia mgeni. Tepu inasoma: kavu. Najaribu upande wa pili. Kavu. Mikono yangu inachuruzika maji hadi viwikoni.

Hapo Dokta Ambakisye anaingia. Ni mtu wa adabu sana. Anaukanyaga mto kidogo, anauomba radhi.

"Karibu, karibu sana," anauambia. "Tatizo ni moja tu. Tumeshaandika kwamba mto haupo, na ripoti imeshagongwa muhuri. Sasa ukiendelea kuwepo utatuletea mkanganyiko."

"Nifanye nini basi?"

"Ungesema kwenye mkutano wa wadau. Utaratibu ndio huo."

"Wakati wa mkutano nilikuwa chini."

"Basi twende tukaurudie," anasema Dokta, na anavuta mlango wa kabati la mafaili. Tunainama, tunaingia mmoja mmoja. Mto unaingia mwisho, unasema hodi.

Ndani ya kabati ni darasa la shule ya msingi Mwabusega. Tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mstari wa mbele imekaa paneli ya jua, imegeuzia uso wake dirishani na haisikilizi mtu. Nyuma yake kuna jenereta la kijiji, linakohoa. Pembeni kuna mbuzi, ambaye ni makamu mwenyekiti. Mwenyekiti ni Kiangazi mwenyewe, amevaa kofia ya pama na miwani. Tunafahamiana naye miaka mingi, kazi zetu zote tumefanya naye.

"Kanuni ni ileile," anasema Kiangazi. "Asiyesaini mahudhurio haruhusiwi kuzungumza. Aliyesaini ataongea na atapewa soda."

Mbuzi anasaini. Anapewa soda ya chungwa.

Karatasi inapelekwa kwa mto. Mto unashika kalamu vizuri tu, unaanza kuandika, wino unasambaa, karatasi inalainika na kukatika vipande. Inaletwa nyingine, nayo inalainika. Kiangazi ana huruma, anaruhusu ugonge dole gumba. Mto unatafuta dole gumba. Unatafuta pande zote, hadi kule juu unakoanzia, na sisi sote tunangoja, jenereta linakohoa.

"Mto haujasaini," anasema Kiangazi mwishowe. "Kwa hiyo haukuhudhuria. Tuendelee."

Mto unaitazama soda ya mbuzi, nadhani kwa sababu nayo ni ya majimaji.

Anasimama mama mmoja. Namkumbuka, ni Mama Ng'washi, ambaye majaruba yake yako bondeni, chini kidogo ya lile korongo. Septemba alitupatia mihogo ya kuchemsha na akakataa katakata tuondoke kabla ya kuimaliza.

"Mimi nimesaini," anasema. "Nina jambo moja tu. Mkishapasawazisha pale, mpunga wangu utanyweshwa na nini?"

"Hoja nzuri sana, mama yangu," anasema Dokta Ambakisye. "Tumeipokea."

Ananyosha mikono miwili, anaipokea. Hoja ya Mama Ng'washi ina ukubwa wa kuku tetea, na ina joto. Dokta anaitia kwenye tenga lililo chini ya meza, anafunga kwa kamba. Tenga limejaa hoja za mikutano mingine. Baadhi zimenyonyoka manyoya kwa uzee, zinatutazama.

"Mshauri wetu asome matokeo," anasema Kiangazi, na ananitazama mimi.

Nasimama na ripoti yangu. Nasoma: "Athari kwa wakulima wa bondeni: ndogo."

Mama Ng'washi anaanza kupungua. Anapungua hadi kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, kisha kimo cha chupa ya chai, kisha anatoshea kabisa kwenye kibweta cha wino wa muhuri, na hapo anaacha kupungua, kwa sababu hiyo ndiyo ndogo tuliyokubaliana. Kitenge chake kimepungua naye. Sauti haijapungua.

"Mwanangu," ananiambia akiwa pale kwenye kibweta, "sisemi kwa ubaya. Ila huku niliko siwasikii vizuri mnachosema. Wanasema mpunga utapata maji?"

Roho iliniuma. Ndotoni niliona aibu ya kweli, ile ya kutamani nguo nilizovaa ziwe za mtu mwingine. Neno hilo, ndogo, nilikuwa nimelichapa mimi huku natafuna karanga, kwa sababu kwenye jedwali kulikuwa na nafasi ya neno fupi.

Nataka kuzungumza. Nataka kusema, jamani, huu ni mto, umekaa hapa mbele yenu, umelowesha hata viatu vya mwenyekiti, msiufukie. Nanyosha mkono.

"Mshauri hayumo kwenye mahudhurio," anasema Kiangazi akipekua karatasi. "Mshauri hasaini. Mshauri anaandika."

Nasema hivyohivyo, kwa nguvu zangu zote. Lakini kinachotoka kinywani ni: "Inapendekezwa ufuatiliaji ufanyike."

Najaribu tena. "Inapendekezwa ufuatiliaji ufanyike kadiri hali itakavyoruhusu."

Watu wote wanapiga makofi. Mbuzi naye anapiga, ingawa kwa shida.

Makofi yanapokwisha hakuna darasa tena. Niko ndani ya lile korongo, jua linawaka, nina gambuti zangu miguuni. Mbele yangu limesimama katapila la manjano, limezima injini ili tuelewane.

"Habari za kazi," linasema.

"Nzuri."

"Samahani kukusumbua. Nimeambiwa hapa hakuna kitu. Ni kweli hakuna kitu? Ukiniambia kuna kitu mimi nasimama. Sina ugomvi na mtu."

Sijawahi kuulizwa swali rahisi kama hilo katika kazi yangu yote. Nafungua kinywa.

"Inapendekezwa," nasema.

Katapila linangoja nimalize. Linangoja muda mrefu, kwa heshima, kijiko kimeinamishwa. Mimi nalia, na kila ninachojaribu kusema kinaanza na inapendekezwa. Mwisho linawasha injini, taratibu, kama mtu anayeondoka msibani.

Mto umeshafika. Unajitandika mahali pake pa siku zote, kona kwa kona, mfuko ukiwa kifuani.

"Ondoka," nauambia, na ajabu hilo linatoka vizuri. "Pita kwingine."

"Kwingine sikujui," unasema. "Sikia, mtaalamu. Ile Septemba ulinikanyaga. Nilikuwa nimelala, nikasikia miguu yako juu ya mchanga, unakwenda, unasimama, unakwenda. Nilifurahi. Nikadhani umekuja kuniamsha."

Natazama gambuti zangu.

Mto unatia mkono mfukoni, unatoa kiluwiluwi mmoja.

"Nishikie huyu," unasema. "Wote huwezi. Mvua ya kwanza ikinyesha nitakuja kumchukua, kama nitapajua."

Sina chombo. Navua gambuti la kushoto, nalikinga. Mto unanimiminia maji kidogo na mtoto wa chura ndani yake, kisha unalala. Udongo mwekundu unaanza kushuka kutoka juu, na nasikia sauti ndogo ya Mama Ng'washi ikiuliza wamesemaje, mpunga utapata maji?

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Dodoma haijaona tone la mvua tangu Aprili, na bombani kwetu maji yalikatika juzi. Nilikaa kitandani nikijiambia kwamba ni ndoto, mtu akilala ameshiba makande huota mengi. Kisha nikatoka kibarazani. Gambuti zangu zilikuwa palepale nilipoziweka niliporudi safari, zimekakamaa, zimejaa vumbi la Mwabusega. La kulia nikaligeuza, ukamwagika mchanga.

La kushoto lilikuwa zito.

Ndani yake mlikuwa na maji kidogo ya rangi ya chai ya maziwa, na ndani ya maji kitu cheusi kikatikisa mkia.

Nikapiga simu nikiwa nimelishika gambuti kwa mkono mwingine, wima, lisimwagike.

"Dokta, shikamoo. Mwabusega wamefika wapi?"

"Marahaba, Veri. Wale vijana wachapakazi. Lile korongo wamelimaliza jana hiyohiyo, pamekuwa sawa kama meza. Mbona mapema hivi, kuna nini?"

"Pale kuna mto, Dokta. Wa msimu. Umelala chini ya mchanga, na kule bondeni kuna majaruba ya watu. Tulikwenda kiangazi tukaandika haupo. Naomba wafukue kabla mvua haijaanza."

Nilisema yote hayo, na safari hii yalitoka kwa maneno yangu mwenyewe, moja baada ya jingine. Upande wa pili nilimsikia akinywa chai.

"Hoja nzuri sana, mdogo wangu," akasema. "Tumeipokea."

Nikakata simu, nikachungulia ndani ya gambuti. Kiluwiluwi alikuwa ameanza kuota miguu ya nyuma, anazunguka ukingoni, anatafuta pa kutokea.